Sudoku yawagombanisha wazee wa chai

Kuna watu ambao hawawezi kunywa hata uji bila kutupa jicho kuona ni nani aliyemaliza kikombe chake kwanza. Unawajua. Ukimwambia umelipa nauli ya shilingi 100 kutoka mjini, yeye alilipa 80. Ukisema ulilala saa saba usiku, yeye hakulala kabisa. Ukiugua malaria, yeye aliwahi kuugua malaria na homa ya matumbo kwa wakati mmoja, tena akaenda kazini!

Siwasemi kwa ubaya. Hata wewe, ukiwa kwenye foleni ya benki, hujikuti ukipima kama ile ya pili inakwenda upesi kuliko yako? Ushindani tunao sote, ila wengine wameufanya ndio mboga yao ya kila siku.

Basi hebu nikusimulie ya wazee wawili wa Nakuru ninaowafahamu vizuri. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa hesabu, wa pili ni fundi cherehani, na majirani huwaita hivyo hivyo, Mwalimu na Fundi. Kila Jumamosi asubuhi hukutana katika kibanda cha chai karibu na steji. Huchanga pesa wakanunua gazeti moja, wakampelekea kijana wa fotokopi atoe nakala mbili za ukurasa wenye Sudoku, kisha kila mtu huinama juu ya yake.

Pengine wewe si mpenzi wa Sudoku. Ni mraba wenye visanduku 81, mistari 9 ya kulala na 9 ya kusimama, nao umegawanywa katika miraba midogo 9. Unapewa tarakimu chache, unajaza zilizobaki ili kila mstari na kila mraba mdogo uwe na 1 hadi 9 bila kurudia. Wengi hudhani ni mchezo wa Wajapani tangu enzi za mababu. La hasha! Aliyeutunga kwa sura hii ni Mmarekani, msanifu wa majengo aliyeitwa Howard Garns, na ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1979 na kampuni ya Dell. Wajapani waliuchukua mwaka 1984 wakaupa jina. Kisha jaji mstaafu mzaliwa wa New Zealand, Wayne Gould, akaunda programu ya kompyuta ya kuutunga, na Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuuchapisha. Kutoka hapo ukasambaa kama moto wa nyikani. Maskini Garns alikuwa amefariki mwaka 1989, hakuyaona hayo.

Turudi kibandani. Mwalimu hutumia penseli, na katika kila kisanduku huandika vijitarakimu vyote vinavyowezekana, kama karani wa ghala anayehesabu magunia. Fundi hutumia kalamu ya wino. Hiyo peke yake ni matusi.

Hata hivyo walielewana miaka mingi. Walijaza huku wakizungumza habari za karo, bei ya mahindi, na yule binti wa Fundi aliyeolewa Kitale. Mambo yaliharibika siku Fundi alipovua saa yake akaiweka mezani. Tangu siku hiyo kibanda kikawa kama chumba cha mtihani. Aliyeshindwa alilipia chai na mandazi, na Mwalimu alilipa Jumamosi saba mfululizo.

Ya nane akashindwa kuvumilia.

“Hiyo 5 umeitoa wapi?” akauliza, kidole kikiwa juu ya karatasi ya mwenzake.

Fundi akamwonyesha. Nawe fuatana naye polepole, maana hapa ndipo penye utamu. Kulikuwa na visanduku vinne vilivyokaa kama pembe za kitabu, katika mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, ndani ya miraba midogo miwili tu. Vitatu vilikubali 2 au 7 pekee. Cha nne kilikubali 2, 7 au 5. Sasa kama hicho cha nne nacho kingechukua 2 au 7, ungeweza kubadilishana zile 2 na 7 katika pembe zote nne bila kuvunja sheria yoyote, na fumbo lingekuwa na majibu mawili. Lakini mtungaji ameahidi jibu moja. Kwa hiyo ni 5. Kwisha!

“Huo ni wizi,” akasema Mwalimu. “Hujathibitisha lolote. Umemsoma aliyetunga.”

“Mwalimu, nikiletewa suruali iliyokwisha kukatwa, sikai kujiuliza kama vipande vitaungana. Aliyekata alijua.”

Mwalimu alikunja gazeti akaondoka. Jumamosi tatu hakuonekana, hata mama mwenye kibanda akaanza kuuliza kama ni mgonjwa.

Wewe ungesimama upande gani? Mimi nampa Fundi haki yake. Kwenye mashindano ya dunia, yaliyofanyika mara ya kwanza mwaka 2006 huko Lucca, Italia, na kushindwa na mhasibu wa Czech, Jana Tylová, kinachotazamwa ni jibu na saa. Hakuna anayekuuliza umepitia uchochoro gani. Lakini Mwalimu naye hakukosea. Njia hii ya mkato inasimama juu ya uaminifu wa mtu usiyemjua. Mwaka 2012 wataalamu wa Dublin wakiongozwa na Gary McGuire walithibitisha kwa kompyuta kwamba fumbo lenye tarakimu chini ya 17 haliwezi kamwe kuwa na jibu moja tu. Hiyo haimaanishi kwamba lenye 17 au zaidi lazima liwe nalo. Hapo unamtegemea mtungaji.

Na Mwalimu alilijua hilo. Jumamosi ya nne alitokea, akaagiza chai, akatoa mfukoni fumbo alilolitunga mwenyewe kwa penseli, lenye tarakimu 26. Fundi akaweka saa mezani, akaingia kazini. Haikupita muda akaziona zile pembe nne, akatabasamu, akaandika tarakimu yake kwa wino. Visanduku sita baadaye akakuta 5 mbili katika mstari mmoja.

Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa.

“Fumbo lenye majibu mawili si fumbo, Mwalimu. Ni mtego!”

“Nani alikuahidi jibu moja? Mimi?”

Kijana mmoja wa boda boda akataka kuwaamua, akaelekeza kamera ya simu yake juu ya karatasi ili programu ilitatue. Wazee wote wawili walimfukuza kwa sauti moja. Kisha wakaendelea kubishana hadi karibu adhuhuri, hakuna aliyekubali kwamba ndiye wa kulipa, mama akachoka akawatoza wote wawili. Walipokuwa wakiondoka, nilimsikia Fundi akiuliza kwa sauti ya chini jinsi fumbo la namna ile linavyotungwa.