Rajaa Njema Katika Saa ya Dhiki

Imekuwa ada katika ofisi na viwanda vyetu, kila inapozuka shida nzito, ikiwa ni hesabu zisizolingana mwisho wa mwezi au mzigo uliokwama forodhani ilhali mwenyewe yuko mlangoni amefura, mkubwa wa kazi kuwahimiza walio chini yake wasihofu na wawe na dhana njema, kisha akajifungia chumbani kwake bila ya kuwaeleza jambo lenyewe limefika wapi. Mimi sikubali kwamba hiyo ndiyo rajaa. Rajaa humjia mtu aliyeambiwa hakika na akapewa sehemu yake ya kazi, na ushahidi wa haya ulidhihiri mwaka 2010 katika mgodi wa San José, jangwani Atacama, nchini Chile.

Tarehe 5 Agosti ya mwaka ule mwamba uliporomoka ukaziba njia, na wachimbaji 33 wakasalia chini kiasi cha mita 700, wakiwa na akiba ndogo ya chakula ambayo haikukusudiwa kupita siku chache, wala wasijue kama huko juu walihesabiwa wazima au wafu. Msimamizi wa zamu, Luis Urzúa, hakuwafumba macho wenziwe kwa maneno matamu. Njia zilitazamwa, na zilipoonekana zimefungika, wote wakajua hivyo. Ndipo ukawekwa utaratibu: chakula kikagawanywa kwa insafu, kijiko kimoja au viwili vya samaki wa kopo na maziwa kidogo kila baada ya saa 48, taa za kofia zikatiwa nguvu kwa betri za magari, na mashauri mazito yakakatwa kwa wingi wa kura, sauti ya kibarua ikawa sawa na ya msimamizi. Hawakuwa malaika, kwani waligombana, na wapo waliokata tamaa. Lakini kila aliyezidiwa na fadhaa alikuwa na zamu inayomngoja na wenziwe wanaomtegemea. Siku 17 zilipita hivyo, hata tarehe 22 Agosti keekee kubwa ya kutobolea miamba ilipowafikia, nao wakaifungia karatasi ya kuarifu kwamba wote 33 wa hai. Walitolewa mmoja mmoja tarehe 13 Oktoba, na Urzúa akawa wa mwisho kutoka.

Wala habari hizi si za ng'ambo peke yake: Novemba 2015, katika mgodi wa Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji wadogo 5 walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi.

Wapo wakubwa watakaonijibu kuwa ukweli huwatia watumishi kiwewe. Naona kinyume chake: kinachowatia kiwewe ni minong'ono, kwa sababu moyo usiojua kitu hujitungia yaliyo mabaya kuliko yaliyopo. Muuguzi mwenye zamu ya usiku, wodi ikiwa imejaa na dawa zinakaribia kwisha, hutulia zaidi akielezwa zimesalia ngapi, nani amekwenda kutafuta nyingine, na mgonjwa yupi atangulizwe, kuliko akisifiwa tu kuwa ni shujaa. Na sauti ya mkubwa ina athari kubwa. Akipaza ukelele, hata mkongwe wa kazi hukosea jambo alilolizoea miaka mingi.

Lakini lipo jambo ambalo waajiri hawapendi kulisikia. Wale wachimbaji wa Chile walipojaribu kupanda kwa tundu la hewa wakajiokoe, walikuta ngazi iliyopasa kuwamo haikukamilishwa, na subira yao yote, pamoja na adabu yao njema, ililipa deni lisilokuwa lao. Kwa hiyo mwajiri anayewataka watu wake wawe na moyo mkunjufu katika saa ya dhiki, na aulizwe kwanza, kabla ya dhiki yenyewe kufika, ngazi ameiweka wapi.