Mshahara wa Kuanzia kwa Asiyeanza



Wapendwa, juma hili tunataka kusema juu ya ujira wa wauguzi wanaohama kutoka hospitali za mashirika ya dini na kuingia katika hospitali za umma hapa Tanzania. Matangazo ya ajira huruhusu mwombaji mwenye umri usiozidi miaka 45. Mlango, basi, umefunguliwa kwa makusudi hata kwa watu wazima. Lakini muuguzi mwenye stashahada, awe ametoka chuoni mwaka jana au awe amezalisha akina mama kwa miaka 15, huingizwa kama Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, ngazi ya TGHS B. Wodini hupewa zamu ngumu kwa sababu ni mzoefu. Katika orodha ya mishahara ni mwanagenzi.

Tunauliza: uzoefu huo ni kitu au si kitu? Kama si kitu, mbona akifika tu anakabidhiwa vijana awaelekeze? Kama ni kitu, ni nani anayekula thamani yake?

Tutajibiwa kwamba kinachohesabiwa ni utumishi wa umma tu, na kwamba barua za uzoefu zaweza kughushiwa. Jibu la kwanza linashangaza. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitiliana saini hati ya makubaliano juu ya huduma za jamii, na hospitali kadhaa za Kanisa zimekuwa Hospitali Teule za Wilaya. Mgonjwa anayetibiwa humo ametibiwa katika hospitali ya wilaya. Aliyemtibu ndiye asiyehesabiwa! Jibu la pili ni jepesi zaidi. Baraza la Uuguzi na Ukunga linayo kumbukumbu ya usajili na leseni yake, na michango ya NSSF huonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuwa mwajiri wake. Karani mwenye nia njema atamaliza uhakiki huo kabla ya chai ya saa nne.

Wapo hata wanaotutajia wafanyakazi wa shamba la mizabibu. (Ajabu jinsi Injili inavyokumbukwa upesi pale inapopunguza matumizi.) Katika mfano ule, mwenye shamba alimwinua wa saa kumi na moja hadi ujira wa kutwa nzima. Hapa ni yule wa alfajiri anayeshushwa.

Wala madhara hayaishi mwisho wa mwezi. Anayeajiriwa akiwa na miaka 42 amebakiwa na 18 tu hadi kustaafu kwa lazima, na pensheni hukokotolewa kwa wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu. Ngazi aliyopangiwa siku ya kwanza humfuata hadi uzeeni.

Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma, itoe waraka: miaka iliyothibitishwa katika hospitali zenye mkataba na Serikali ihesabiwe wakati wa kupanga daraja. Hata ikihesabiwa nusu yake, tungeanzia hapo.