Bonanza Lisilo na Mlinzi wala Mfagiaji



Juma hili tunaomba ruhusa ya kusema juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalifahamu kuliko sisi, kwa kuwa ninyi ndio mnaozivaa zile fulana. Ni bonanza la kazini, ambalo siku hizi limepewa jina la kigeni, tim bildingi, na limepata watu wanaoishi kwa kuliandaa. Ofisi ya jijini Dar es Salaam hukodi mabasi, huwapeleka wafanyakazi wake ufukweni Kunduchi au Kigamboni, huwavisha fulana za rangi moja zenye maneno ya umoja mgongoni, huwakabidhi kwa mshereheshaji mwenye kipaza sauti, kisha huwaamuru wafurahi. Jioni picha hutumwa katika kundi la WhatsApp la ofisi, na Jumatatu kila mmoja hurudi kwenye kiti chake na kinyongo chake.

Hatuna ugomvi na michezo. Watumishi wa wizara na idara za serikali wana mashindano yao ya SHIMIWI, ambamo watu wazima wenye vyeo vyao huvuta kamba, hucheza netiboli na bao, na huumia kweli wanaposhindwa. Huo ni mchezo, kwa maana aliyeingia uwanjani alitaka kuingia. Ugomvi wetu ni na furaha ya amri.

Tuanze na siku yenyewe. Kwa nini aghalabu huwa Jumamosi, na mara nyingine Dominika? Jibu tunalijua. Jumatano ni mali ya mwajiri, naye hataki ipotee. Jumamosi ni mali ya mfanyakazi, na mali ya mwingine ni rahisi kuigawa. Lakini Jumamosi ya mtu wa Dar es Salaam haikuwa tupu. Kuna jumuiya ndogo ndogo asubuhi, kuna msiba wa jirani, kikao cha harusi, nguo za juma zima, na mtoto ambaye tangu Jumatatu hajaonana na baba yake, kwa sababu baba hutoka Chanika au Mbagala kabla ya mapambazuko na hurudi mtoto amelala. Dominika tusiseme, walimu wa kwaya wanajua ni sauti ngapi hupotea bonanza likiangukia siku hiyo. Mtu hunyang'anywa siku yake ya pekee, halafu hutarajiwa kushukuru kwa soda na robo kuku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina maneno ya mafumbo katika hili. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya angalau saa 24 kila juma, na akifanya kazi ndani ya mapumziko hayo, hulipwa kwa kila saa mara mbili ya mshahara wake wa msingi wa saa. (Papa Leo XIII alikwisha kuitaja haki ya mfanyakazi kupumzika katika Rerum Novarum, mwaka 1891, kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba hizi ni fikra za juzi.) Basi twauliza kwa unyenyekevu: bonanza ambalo watu huitwa majina mlangoni mwa basi, na asiyefika huandikiwa barua ya kujieleza, ni mapumziko au ni kazi? Kama ni mapumziko, ana haki ya kubaki nyumbani kwake bila kuulizwa. Kama ni kazi, alipwe. Mwajiri asile pande zote mbili.

Huko Ufaransa jambo hili limefika mahakamani. Novemba 2022, Cour de cassation, mahakama yao ya juu, iliamua kesi ya mfanyakazi wa kampuni moja ya ushauri aliyefukuzwa mwaka 2015, na miongoni mwa makosa aliyobebeshwa ni kutoshiriki katika tafrija na vinywaji vya mwisho wa juma vilivyohesabiwa kuwa utamaduni wa kampuni. Mahakama ilisema kwamba kukataa kwake kulikuwa sehemu ya uhuru wake wa maoni, na kumfukuza kwa sababu hiyo ni batili. Wafaransa ni watu wa divai na vicheko, nao pia wameona kwamba kicheko hakiandikwi katika mkataba.

Michezo inayochezwa huko ina asili ambayo waandaaji hawaisimulii. Mazoezi mengi ya kamba na ya kutegemeana tunayoyaona leo yalipata umaarufu kutokana na shule ya Outward Bound, iliyoanzishwa mwaka 1941 huko Aberdovey, Wales, na Kurt Hahn, mwalimu mzaliwa wa Ujerumani, akishirikiana na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli. Ulikuwa wakati wa vita. Meli zilikuwa zikizamishwa, na Holt alikuwa na wasiwasi kwamba mabaharia vijana waliokuwa katika mashua za kuokolea walikata tamaa na kufa mapema kuliko wazee. Shule ikawafunza kustahimili. Baadaye mafunzo hayo yalifika hata Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, upande wa Kenya. Kule kamba ilikuwa kamba kweli. Ukiiachia, mwenzako anaumia.

Sisi tumeichukua kamba, mafunzo tumeyaacha njiani. Tumebaki na mhasibu wa miaka 55 akirukaruka ndani ya gunia huku vijana aliowafundisha kazi wakimpiga picha. Tumebaki na dada wa mapokezi akiambiwa afumbe macho na kujiangusha kinyumenyume mikononi mwa wanaume ambao ofisini hupishana nao kwa tahadhari, na akisita, mshereheshaji huwaomba watu wamzomee kidogo, kwa upendo. Eti huo ni mchezo wa kuaminiana! Je, kuna aliyemuuliza dada huyo kwa nini hawaamini? Hapo ndipo kazi ya umoja ingeanzia, na haihitaji ufukwe. Yahitaji mlango uliofungwa, mtu wa kusikiliza, na adhabu kwa mwenye mikono mirefu.

Sasa hebu tuwahesabu walio katika picha. Mlinzi yuko wapi? Yuko wapi mama anayedeki ngazi kabla ya saa moja asubuhi, na kijana anayepeleka barua kwa pikipiki? Tunajibiwa kwamba hao si wafanyakazi wetu, ni wa wakala. Mama huyo anajua nani ana kikohozi kisichopona, nani hulia chooni baada ya kikao, nani alifiwa na mama yake akarudi kazini siku ya tatu. Lakini siku ya umoja yeye hayumo. Tena katika baadhi ya mabonanza huwa yumo: anaosha sahani.

Wapo wanaotaka kulitakasa bonanza kwa kulipeleka kwenye kituo cha watoto yatima. Fulana zile zile, kamera zile zile, mchele na mafuta ya kula vikiwa vimepangwa mbele, na watoto wamesimamishwa nyuma waimbe. Tunasema wazi kwamba hatulipendi jambo hilo. Mtoto yatima si kifaa cha mazoezi ya idara ya masoko. Mwenye mchele na aupeleke siku ya Jumanne, aukabidhi kwa masista, aondoke.

Mtatuuliza basi watu wafanye nini, maana si kila mwajiri ana nia mbaya, na wengine wenu ndio mnaokabidhiwa bajeti na kuambiwa mpange. Ushauri wetu ni huu: fanyeni siku ya kazi, ndani ya saa za kazi, na chagueni shughuli ambayo walio chini ofisini wanaijua kuliko walio juu. Jiji hili limejaa shughuli za namna hiyo. Nendeni soko la samaki la Feri, pale Magogoni, asubuhi wakati wa mnada. Kila kundi lipewe fedha ile ile kidogo, lirudi na kitoweo. Mtaona jinsi meneja wa fedha anavyouziwa samaki mwenye macho meupe, na jinsi mhudumu wa chai anavyofungua mashavu ya samaki kwa kidole na kushusha bei bila kupandisha sauti. Kisha pandeni kivuko hadi Kigamboni, mkapike wenyewe kwa kuni na mafiga. Asiajiriwe mpishi. Mkurugenzi akune nazi. Hakuna hotuba ya umoja itakayomfundisha unyenyekevu kama ile mbuzi ya kukunia nazi, hasa akiwa ameketi juu yake kwa mara ya kwanza tangu aende shule.

Au panda boti kwenda Mbudya kutoka Kunduchi, au Bongoyo kutoka Msasani, visiwa vilivyotengwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Dereva aliyezaliwa pwani anajua kuogelea. Bosi aliyekulia bara hajui. Dereva amfundishe, majini palipo na kina cha magoti, na jioni hiyo watakuwa wameaminiana bila mtu yeyote kujiangusha kinyumenyume. Wasiopenda maji waende Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi hii. Kila mtu awaongoze wenzake katika nyumba ya kwao, aeleze nani alilala wapi, moto uliwashwa na nani, mgeni aliketi upande gani. Wakati mwingine mfagiaji wa ofisi ndiye pekee aliyewahi kuishi katika nyumba kama hiyo. Wapenda miguu wana msitu wa Pugu upande wa Kisarawe, ambako mwendo wa wote hupimwa kwa aliye mzito kuliko wote, nao husaidia sana kuzungumza.

Na hata hayo yote hayatafaa kitu ikiwa mshahara wa mwezi uliopita haujalipwa, au michango ya hifadhi ya jamii inakatwa bila kupelekwa. Katika hali hiyo tunawashauri wenye bajeti waziache fulana dukani, walipe deni kwanza. Mfanyakazi aliyelipwa haki yake atajitafutia mwenyewe pa kuchekea.

Kwa wale walio tayari kupanga safari ya namna tuliyoieleza, neno moja la utaratibu. Mlinzi wa usiku naye atafutiwe wa kumshikia zamu, siku hiyo ihesabiwe katika malipo yake hata kama ni wa wakala, naye aambiwe mapema, si Ijumaa jioni akiwa tayari langoni na tochi yake.