Mwacheni Apige Kwanza

Mwalimu, kabla hujapuliza hiyo filimbi tena, hebu nikuulize: yule msichana umemwona akipiga mpira mara ngapi? Sisemi kumrekebisha. Nasema kumwona.

Nauliza kwa sababu mwaka huu nilisimama kando ya uwanja wa shule moja hapa Habaswein nikahesabu. Mazoezi ya raunda, saa kumi jioni, jua bado kali. Habaswein ni mji wa vumbi hata kwa jina, manake kwa Kisomali habaas ni vumbi na weyn ni kubwa, na siku hiyo upepo ulikuwa unalithibitisha jina. Binamu yangu, gredi ya sita, aliingia kupiga. Alirushiwa mipira sita. Katika mipira hiyo sita alipewa maagizo kumi na moja. Kiwiko juu! Kunja magoti! Kichwa kisitingishike! Panua miguu! Zungusha kiuno! Maliza mkono! Mpira hata mmoja hakuugusa.

Sasa, huyu ndiye mtoto ambaye mwaka jana, nyuma ya nyumba zetu, kwa kipande cha mbao kilichotoka kwenye kitanda kibovu, alikuwa anaurusha mpira wa soksi juu ya ua wa miiba hadi kwa majirani. Mpira umefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, mzito kama jiwe, lakini ulikuwa unapaa. Hakuna aliyemfundisha. Wiki moja baada ya mazoezi yale alisema tumbo linauma. Wiki iliyofuata tumbo likauma tena. Nikamuuliza kuna nini, akaniambia bila kulia wala nini: "Abaayo, mimi sijui kupiga."

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mtoto aliingia timu ya shule akijua kupiga, akatoka akiwa hajui. Tukiuliza nani alimnyang'anya, jibu tunalo: tulimnyang'anya kwa kumrekebisha.

Najua maagizo yale yanatoka wapi. Yanatoka kwenye simu. Kuna video chungu nzima za makocha wa Marekani wakifundisha wasichana kupiga softiboli, zimepigwa polepole, zina mistari na mishale ya rangi. Nimezitazama pia, nyingi ni nzuri. Tatizo ni kwamba si mchezo wetu. Kwenye softiboli gongo hushikwa kwa mikono miwili na linaweza kufika sentimita 86. Kwenye raunda gongo halizidi sentimita 46, fupi kuliko mkono wa mtu mzima, na kwa kawaida unalishika kwa mkono mmoja. Kiwiko kinachotajwa kwenye video ni cha mtu ambaye mikono yake miwili imefungwa pamoja kwenye mpini mmoja. Mwambie mtoto mwenye kijigongo cha mkono mmoja ainue kiwiko hivyo, utaona: bega linapanda, gongo linaanguka nyuma ya mgongo, na likirudi mbele mpira umeshapita. Yaani tumechukua dawa ya mgonjwa mwingine tukamnywesha mtoto mzima.

Na hata kwenye softiboli yenyewe, fikiria hesabu hii. Mrushaji wa wanawake husimama mita 13 hivi kutoka kwa mpigaji. Kwa wachezaji wa kiwango cha juu, mpira unafika kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo mpigaji aone, aamue, apige. Maagizo sita ya mwalimu yataingia wapi hapo? Kweli, mpira wa watoto wetu ni wa polepole. Lakini na kichwa cha mtoto ni cha mtoto. Akifikiria kiwiko haoni mpira, na asiyeona mpira hapigi, hata kiwiko kikiwa kimepangwa kama cha malaika.

Haya si maoni yangu tu ya kando ya uwanja. Gabriele Wulf, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza miondoko, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1999 kwamba watu wanaoanza kujifunza gofu walifanya vizuri zaidi walipoambiwa waangalie mwendo wa kifimbo kuliko walipoambiwa waangalie mwendo wa mikono yao. Pigo lile lile, tofauti ni kwamba akili moja imetumwa kwenye kazi na nyingine imetumwa ndani ya mwili. Iliyotumwa ndani ya mwili inaugandisha mwili.

Na kabla yake, miaka ya 1920 kule Moscow, Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wakigonga patasi kwa nyundo. Hawa ni watu waliogonga maelfu kwa maelfu ya mara. Ungetarajia mkono wa fundi mzoefu upite njia ile ile kila pigo, kama mashine. Wapi! Nyundo ilifika mahali pake vizuri kila mara, lakini bega, kiwiko na kiganja vilibadilisha njia kidogo kila pigo. Ustadi haukuwa mkao mmoja unaorudiwa. Ulikuwa uwezo wa kufika pale pale kwa njia tofauti. Kila nikiona watoto ishirini wamepangwa mstari wakiiga mkao mmoja hewani, bila mpira, nawakumbuka hao mafundi.

Sasa njoo kwa mwili wa msichana wa hapa. Tunamwona kana kwamba alifika uwanjani mtupu, na si kweli. Amepasua kuni kwa shoka. Aliyewahi kupasua kuni anajua, hata kama hajawahi kulisema, kwamba nguvu haitoki mkononi: inaanzia mguuni, inapanda nyonga, inapita mgongo, halafu ndiyo mkono unaimalizia. Amevuta maji kisimani kwa kamba. Amerusha mawe kuwarudisha mbuzi wasiingie shamba la mtu. Mambo yale ambayo kocha wa kwenye video anayaeleza kwa mishale mitano, huyu anayafanya kabla ya chai ya asubuhi. Kazi ya mwalimu ingekuwa kumwambia: piga kama unapasua kuni, ila kwa ubavu. Maneno saba tu.

Badala yake mwalimu mwanamume anampigia kelele msichana wa miaka kumi na miwili mbele ya umati: "Zungusha kiuno!" Mwalimu, unajua maneno hayo yanamaanisha nini kwa Kiswahili? Wavulana waliokuwa wamekaa kwenye ukuta walijua. Walicheka hadi mmoja akaanguka. Kuanzia hapo mtoto hakuzungusha kitu chochote. Alisimama kama mlingoti. Na ile "panua miguu"? Amevaa sketi ndefu hadi kwenye vifundo, na hijabu juu. Hatua yake itakuwa na upana ambao kitambaa kinaruhusu. Kama unataka hatua ndefu, pigania nguo za michezo zenye stara na nafasi, suruali pana na hijabu fupi nyepesi, jambo ambalo wazazi wengi wangelikubali wakiulizwa kwa heshima. Kosa la fundi cherehani usimrekebishie mtoto.

Halafu kuna hili la kurudi nyuma. Mpira ukija, mtoto anapiga hatua moja kuukimbia, gongo linabaki hewani. Kila mwalimu analiita kosa la miguu. Si la miguu, ni woga. Mpira ule wa ngozi uliokauka kwa jua unauma, na kama ulimpata mtu kwenye mbavu juzi, kesho miguu yake inakumbuka. Kelele haiondoi woga, inaongeza wa pili: sasa anaogopa mpira na wewe. Mpe mpira wa soksi au wa tenisi wiki nzima, umrushie karibu na taratibu, na ile miguu utaikuta imerudi yenyewe mahali pake.

Najua jibu mtakalonipa, nimelisikia. Eti tukimwacha hivyo kosa litakomaa, na samaki mkunje angali mbichi. Methali nzuri, ila ni ya samaki. Samaki mbichi unamkunja kwa sababu amekufa. Huyu yuko hai, anajikunja mwenyewe kila anapopiga, na mpira wenyewe ndio unaomwambia: umechelewa, umewahi, umepiga juu. Mpira haudanganyi, haucheki, na hautaji kiuno.

Lakini sitaki nisingiziwe kwamba nasema mwalimu akae kimya milele. Yapo ya kurekebisha papo hapo, tena kwa sauti. Mtoto anayeachia gongo baada ya kupiga atampasua mwenzake uso, msimamishe. Anayesimama karibu mno na mrushaji, msogeze. Aliyeshika gongo linamteleza, mwonyeshe. Hayo ni usalama. Na mengine yapo pia: mikono inayotawanyika mbali na mwili, uzito unaokimbilia mbele kabla ya mpira. Hayo yanarekebishika, lakini ukishayaona mara kumi, siyo mara moja. Na ukiwa umejua ni moja gani linalozaa mengine. Mara nyingi mtoto ana kosa moja na watoto wake wanne. Ukiwapiga vita wote watano kwa pamoja, mama anabaki.

Sasa kwa nini tunafanya hivi? Sidhani ni ukatili. Mwanzoni mwa 2020, baada ya mashambulizi, TSC iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka Wajir, Garissa na Mandera, na pengo lile tuliliona kwa macho. Shule zikajazwa vijana wa BOM, wengi wametoka kidato cha nne juzi, wanafundisha hesabu asubuhi, dini adhuhuri na michezo jioni, kwa malipo ambayo ni aibu kuyataja. Huyo hajawahi kufundishwa kufundisha mchezo. Amepewa filimbi. Na mtu aliyepewa filimbi na hajui la kufanya, atapuliza. Mwalimu mkuu akipita akamkuta amenyamaza anatazama, atamwona mvivu. Akimkuta anapiga kelele, atasema huyu anajituma. Kurekebisha kunaonekana, kutazama hakuonekani. Basi lawama yangu haimwendei kijana yule peke yake. Inawaendea na wale wanaompima kwa kelele.

Ugonjwa huu naujua kwa sababu niliulea ndani yangu. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na sitadanganya kwamba kalamu nyekundu ndiyo iliyonifukuza, ilikuwa karo. Lakini kabla karo haijaisha nilikuwa nimeshajifunza kuandika insha ambazo hazina kosa na hazina kitu. Niliandika nikiikimbia kalamu, kama binamu yangu anavyoukimbia mpira. Ilinichukua miaka kurudi kuandika sentensi inayoweza kukosea, manake sentensi isiyoweza kukosea haiendi popote.

Basi ombi langu ni dogo, wala halihitaji bajeti ya kaunti. Mwalimu, mipira kumi ya kwanza, nyamaza. Filimbi iweke mfukoni. Tazama mpira unaenda wapi, siyo kiwiko kiko wapi. Baada ya hapo chagua jambo moja, moja tu, na ulitaje kwa jina la kitu kilicho nje ya mwili wake: upeleke mpira juu ya ule mgunga, upige kama unapasua kuni. Mwite pembeni umwambie kwa sauti ya kawaida, siyo kupitia kwa umati. Halafu mrushie mingine kumi, unyamaze tena. Kama baada ya wiki mbili hajabadilika, njoo unitukane, mji huu ni mdogo, hautakosa nyumba yetu.

Binamu yangu hajarudi kwenye timu. Wanacheza nyuma ya nyumba, yeye na wasichana wengine watano au sita, baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Ile mbao ya kitanda imepasuka, wamepata nyingine. Juzi mpira ulipita tena ua wa miiba, ukamwangukia mzee wa jirani aliyekuwa anatia udhu. Alikuja amekasirika, ameushika mkononi, akauliza nani amepiga. Wote walinyamaza. Yeye ndiye aliyesonga mbele akasema, "Ni mimi, adeer."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hiyo sauti uwanjani kwenu hamjawahi kuisikia.