Mchezo wa simu ambao hakuna anayekufa



Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye hesabu ya likelemba wakati mlio wa risasi ulisikika nyuma ya nyumba. Bibi mmoja kati yetu, aliyekimbia vita kijijini kwake, alisimama, akafunga kitenge vizuri na kuanza kutafuta wajukuu wake. Tulitoka mbio. Tukakuta watoto watano wameinamia simu mbili, wanacheka. Ulikuwa mchezo tu. Bibi alirudi kukaa, lakini mikono yake ilitetemeka mpaka mwisho wa kikao.

Wengi wetu tulitaka kuchukua simu zote siku hiyohiyo. Lakini tukaulizana: tulipozichukua mara ya mwisho, watoto walienda wapi? Walienda kwenye chumba cha michezo kando ya barabara, na pesa ya chumvi ikaishia huko. Kukataza peke yake hakujatusaidia. Mtoto anayenyimwa kitu anataka kupewa kingine.

Kijana wa mmoja wetu, anayesoma mambo ya kompyuta, alituonyesha mchezo ambao hatukuwa tumeusikia. Unaitwa SuperTuxKart. Ni mashindano ya magari madogo, na madereva wengi ni wanyama: pengwini, nyani, bata, panda, hata samaki. Njia zinapita mlimani penye theluji, mashambani, na ndani ya mgodi wa zamani. Ukikuta sanduku la zawadi unapata kitu cha kumchelewesha mwenzako: keki ya kumrushia, au ubani wa kutafuna unaonata barabarani. Akipigwa, gari lake linayumba, kisha anaendelea na safari. Hakuna damu wala bunduki.

Kwa wanaopenda mpira, kuna sehemu ambapo magari yenyewe yanasukuma mpira golini, timu kwa timu. Hapo watoto wetu walisahau hata kula.

Kitu kilichotufurahisha sisi wenye kulipa ni bei. Mchezo ni wa bure kabisa. Hauna matangazo, na hauna duka ndani yake la kumwambia mtoto anunue nguo au gari jipya. Unatengenezwa na watu wanaojitolea, na leseni yake inaruhusu kila mtu kuunakili na kumpa mwenzake. Kwa hiyo mama mmoja anaweza kuupakua, kisha wengine wakapokea kutoka simu yake bila kuharibu mega.

Tena, tangu toleo la 1.0 la mwaka wa 2019, watu wanaweza kucheza pamoja kila mmoja kwenye simu yake. Intaneti si lazima. Simu moja inawasha hotspot, mega zikiwa zimezimwa. Nyingine zinaunganishwa nayo. Mmoja anafungua mchezo kwenye mtandao wa hapo karibu, wenzake wanaingia. Wenye kompyuta wanaweza kugawana kioo kimoja.

Kwa nini basi haujulikani hapa kwetu? Hauna kampuni kubwa ya kuutangaza. Mchezo wa risasi unapita kutoka mtoto hadi mtoto kwa sababu wenzao wote wako ndani yake, na hakuna anayetaka kucheza peke yake. Huu nao utapata watu kwa njia hiyohiyo: tukiuweka katika parsele nne tano kwa wakati mmoja, watoto watakuwa na wenzao.

Tuseme na mabaya yake. Ni mzito kuliko michezo midogo, na simu ya zamani yenye nafasi ndogo inaweza kukwama. Unamaliza chaji haraka, na sisi tunajua kuchaji ni pesa. Pia mtu akicheza kwenye intaneti anakutana na watu asiowajua, na wanaweza kumwandikia ujumbe. Wadogo wachezee hotspot ya nyumbani tu, mahali tunapowaona, na baada ya masomo na kazi za nyumba.

Jumatano tuliujaribu sisi wenyewe. Mweka hazina wetu, anayeshika pesa bila kukosea hata falanga moja, aliendesha gari lake kinyumenyume mzunguko mzima. Mtoto wake wa miaka tisa alimfundisha mahali pa kugusa kioo. Mama huyo alituambia kwamba tangu walipohamia Bunia mtoto huyo hakuwa amezungumza naye muda mrefu hivyo.

Hatusemi kwamba mchezo utaponya yale ambayo watoto wetu wameona. Hilo linataka muda, mazungumzo na maombi. Tunasema tu kwamba watoto wa Ituri wamesikia risasi za kutosha, na haifai tuwalipie chaji ili wasikie nyingine.

Jumamosi hii, mwenye simu yenye nafasi aje nayo ikiwa imechajiwa. Tutagawana mchezo baada ya likelemba, na watoto waje. Bibi naye amesema atakuja. Ameshachagua bata.