Alama za Shule na Mlango wa Kazi



Mwezi uliopita memba wetu mmoja, fundi wa boila, alileta barua katika afisi ya tawi. Ameifanya kazi hiyo miaka 17, na vijana wawili aliowafundisha yeye mwenyewe sasa ndio wasimamizi wake. Aliomba kufanya mtihani wa kupandishwa cheo. Mwajiri akamjibu kwa mistari mitatu: cheti chako cha kidato cha nne kina D+, na wanaoruhusiwa kufanya mtihani ni wenye C na zaidi. Hakuambiwa kwamba ameanguka. Aliambiwa hastahili hata kupewa karatasi ya maswali.

Wako kati yetu wanaosema kwamba alama ni alama, asiyekuwa nazo arudi shule. Mimi sikubali, wala sisemi hivyo kwa kumwonea mtu huruma. Nauliza jambo moja tu: ile C inapima nini katika boila?

Swali hili si geni. Wafanyikazi wa kituo cha umeme cha kampuni ya Duke Power, huko Draper, jimbo la North Carolina, Marekani, walilipeleka kortini. Kituo hicho kilikuwa na wafanyikazi 95, na watu weusi kati yao walikuwa 14. Kwa miaka mingi weusi waliwekwa katika idara moja tu, ya vibarua, ambako aliyelipwa zaidi kuliko wote alipata mshahara mdogo kuliko mtu wa chini kabisa katika zile idara nne nyingine. Mwaka 1955 kampuni ilianza kudai cheti cha shule ya sekondari kwa kila anayetaka idara isiyokuwa ya vibarua. Kisha sheria mpya ya kukataza ubaguzi kazini ikaanza kutumika tarehe 2 Julai 1965, na siku ile ile kampuni ikaongeza mitihani miwili kwa waajiriwa wapya. Siku ile ile, ndugu zangu! Mwezi wa Septemba wazee wa kazi wasiokuwa na cheti wakaambiwa kwamba wao nao wakitaka kuhamia idara za ndani, wapite mitihani hiyo.

Sasa tazameni alama zenyewe. Kiasi kilichowekwa kilikaribia alama ya katikati ya watu waliomaliza sekondari katika nchi nzima. Maana yake, hata kati ya wenye cheti karibu nusu wangeanguka. Tena mtihani mmoja ulipima akili kwa jumla na wa pili ufahamu wa mashine, na hakuna hata mmoja uliotungwa kwa ajili ya kazi fulani ya kituo kile. Hesabu ya watu ya 1960 ilionyesha kwamba katika jimbo hilo wanaume weupe 34 katika kila 100 walikuwa wamemaliza sekondari, na weusi 12 tu. Basi ilijulikana mapema ni nani atakayebaki na ufagio.

Wafanyikazi 13 walishtaki, na kesi ikaitwa kwa jina la mmoja wao, Willie Griggs. Korti ya kwanza iliwatupa. Ya rufani iliwapa sehemu ndogo ya walichotaka. Tarehe 8 Machi 1971 majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu walioisikiliza walikubaliana upande wa wafanyikazi. Jaji Mkuu Warren Burger hakusema kwamba kampuni ina roho mbaya; kwa kweli ilikuwa ikiwalipia theluthi mbili ya karo wafanyikazi waliotaka kumaliza shule. Alisema nia njema haitoshi. Sharti likiwafungia nje watu wa kundi fulani kuliko wengine, ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba linahusiana na kazi yenyewe. Kampuni haikuweza, kwa sababu wazungu walioajiriwa kabla ya masharti hayo, bila cheti, walikuwa wakiendelea na kazi vizuri na kupandishwa vyeo.

Ushindi huo haukukaa salama. Mahakama iyo hiyo iliupunguza nguvu mwaka 1989, Bunge lao likaurudisha kwa sheria ya 1991, na mwezi wa Aprili 2025 Rais Trump aliamuru idara za serikali zipunguze kuutumia. Amri hiyo haikuifuta sheria, lakini yaonyesha kwamba mlango uliofunguliwa kortini huhitaji kulindwa.

Hukumu ya Marekani haiwafungi majaji wetu. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi ulio wazi na pia ule wa kuzunguka, na inamruhusu mwajiri kuchagua watu kwa sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Hapa nisiwadanganye: alama za shule hazimo katika orodha ya ubaguzi uliotajwa. Tukienda kortini na kusema tu kwamba C ni kubwa mno, tutarudi mikono mitupu. Lazima tuonyeshe ni akina nani wanaoachwa nje, kama ni wanawake, au walemavu, au watu wa asili fulani, na kwamba kazi haiihitaji hiyo C.

Wala sitaki mtu aguse nyaya za umeme mkubwa bila kupimwa. Apimwe, na apimwe sana! Serikali ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambamo fundi huonyesha kazi kwa mikono yake. Mtihani wa namna hiyo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na alama ya mtoto wa miaka 18 kumfuata mtu hata akiwa na mvi.

Korti ni ndefu. Wale wenzetu walingoja miaka. Kwa hiyo katika mapatano yajayo na mwajiri tudai kifungu kimoja: aliyefanya kazi miaka 5 katika fani yake aruhusiwe kuufanya mtihani wa cheo, hata akiwa na cheti gani cha shule. Mwenye tangazo la masharti kama haya ukutani kwao alete nakala kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano, pamoja na majina ya waliowahi kuishika kazi hiyo bila cheti na wakaifanya vizuri.