Kidau Kabla ya Jahazi: Kompyuta ya Kuigiza katika Mafunzo ya Ualimu

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha TEHAMA katika shule ya msingi aghalabu hutamka bila kusita kwamba mfumo endeshi ni programu inayosimamia kazi zote za kompyuta. Akiulizwa kompyuta huwa katika hali gani kabla ya kusimikiwa mfumo huo, hunyamaza. Lawama si yake. Kompyuta za siku hizi hubonyezwa kidude, picha ikatokea, na yaliyopita katikati hayaonekani. Tena katika shule nyingi kompyuta ni moja au mbili, zimefunikwa kitambaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hapana mwalimu atakayethubutu kufuta mfumo wa kompyuta hiyo ili darasa lione unavyosimikwa upya.

Ni maoni yetu kwamba kila mwanachuo, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, asimike mfumo endeshi kwa mkono wake, tena katika kompyuta ya kale ya kuigiza.

Watoto wa pwani yetu, kuanzia Moa hadi Pangani, hawaanzi kazi ya bahari kwa kukabidhiwa jahazi. Huchonga kidau cha mti mwepesi, wakakifunga tanga la kitambaa na kukiachia katika maji ya magotini. Kikipinduka, hakuna aliyezama wala shehena iliyopotea. Lakini upepo uliokipindua ni upepo wa kweli. Kompyuta ya kuigiza ni kidau cha namna hiyo. Ni programu inayoifanya kompyuta ya leo itende kama mtambo wa zamani, amri kwa amri. Mwanachuo akiharibu, hufuta faili moja na kuanza tena.

Programu iitwayo SIMH, ambayo Bob Supnik alianza kuitengeneza mwaka 1993, huigiza mitambo mingi ya kale, ukiwamo PDP-11 uliotoka mwaka 1970. Haiuzwi. Mfumo wa Unix, toleo la 6 la mwaka 1975, nao uliruhusiwa kutumiwa bure mwaka 2002. Vyote viwili huingia katika kompyuta ndogo ya chuo, na vikishanakiliwa havihitaji intaneti.

Tutazame hatua zenyewe. PDP-11 ikiwashwa haijui kitu, hata kusoma utepe wake wa sumaku. Mwanachuo huiwekea kwa mkono namba 6 katika kumbukumbu, zilizoandikwa kwa tarakimu 0 hadi 7 tu. Namba hizo huiamuru isome kipande cha kwanza cha utepe. Ya mwisho, 000777, maana yake ni "rudi hapo hapo": mtambo huzunguka mahali pamoja hadi mtu ausimamishe na kuuanzisha tena kutoka nafasi 0. Hapo hutokea alama =. Mwanachuo huita programu ya kunakili, tmrk, nayo humwuliza mambo matatu: uandike wapi katika diski, usome wapi katika utepe, na vipande vingapi. Hujibu 0, 100 na 1. Kisha mara ya pili 1, 101 na 3999. Vipande 4000 vya baiti 512 vimehama: mfumo mzima, ambao picha moja ya simu ya leo yaweza kuuzidi kwa ukubwa. Kompyuta ikianzishwa kutoka diskini hutoa alama @. Akiandika rkunix, mfumo huamka.

Mtu aliyepita njia hiyo hawezi tena kudhani kwamba kompyuta ina akili ya kuzaliwa. Ameona kwamba amri chache huleta amri nyingi zaidi, na kwamba kila hatua huitegemea iliyotangulia.

Wapo watakaosema kwamba twafundisha mtambo uliokufa. Yafaa wakumbuke kwamba Linux, iliyoanza mwaka 1991, ilifuata mtindo wa Unix. Nayo ndiyo msingi wa Android iliyomo katika simu nyingi zinazoonekana sokoni Tanga. Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya mafundi. Historia ya nchi yetu yatuonya. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Walioandika juu ya marufuku hiyo, ambayo baadaye iliondolewa, hutaja gharama pamoja na uhaba wa wataalamu. Mashine ilitangulia, watu wakachelewa. Tusiyarudie hayo katika shule zetu kwa kupeleka kompyuta mahali ambapo mwalimu ataiogopa.

Kazi hii yaweza kufanywa na wanachuo wanne kwa kompyuta moja. Wa kwanza asome maelekezo, wa pili aandike amri, wa tatu aweke kumbukumbu za kila jibu la mtambo, na wa nne aeleze kwa Kiswahili kwa nini hatua hiyo yatakiwa. Kisha wabadilishane zamu. Asiyeweza kueleza hajamaliza, hata kama mfumo umeamka.

Na shule isiyo na umeme je? Huko mwalimu atumie kadi za karatasi. Mtoto mmoja awe kumbukumbu, mwingine utepe, mwingine diski, na mmoja awe mtendaji asiyejua lolote ila kutii kadi aliyopewa. Kadi ya mwisho isomeke: "Soma kadi hii tena." Watoto watacheka wakimwona mwenzao amekwama, kisha mmoja wao atauliza ni nani atakayemkwamua. Mwalimu aliyewahi kukwama mwenyewe mbele ya 000777 atalipokea swali hilo kwa furaha, na hatahitaji kitabu ili kulijibu.